Oili imegeuka rangi: kuyatafuta maji yaliyoingia kwenye mashine ya boti

Ukichomoa kijiti cha kupimia oili ukakuta rangi ya chai ya maziwa, mashine isiwashwe. Hata ile ya "ngoja niijaribu kidogo" isiwepo. Toa ufunguo, funga koki ya maji ya bahari, halafu ndipo maneno yaanze.

Maneno yenyewe kwenye madiko yetu ya Unguja na Pemba, pale boti zinapotua, iwe Malindi au Mkokotoni, Wete au Mkoani, huwa mafupi: "Gasketi hiyo, fungua hedi." Yaani kizibo kilicho baina ya mwili wa mashine na hedi, kifuniko cha juu cha silinda, kimekufa. Mara nyingine ni kweli. Lakini wapo wengi waliofungua hedi, wakatia gasketi mpya, boti ikarudi majini, na baada ya siku chache oili ikawa nyeupe tena, kwa sababu maji hayakupita kwenye gasketi tangu mwanzo. Mashine ya boti ina milango mingi ya maji kuliko ya gari. Inakaa chini, karibu na ngama, pale chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika. Inapozwa kwa maji ya bahari. Na mara nyingi ekzosi yake hutema maji na moshi kwa bomba moja.

Kwa hiyo kabla ya kushika spana yapo masuali mawili. Maji haya ni ya wapi: ya bahari, ya mvua, au ya radieta? Na yameingia wakati gani: mashine ikizunguka au ikiwa imezimwa? Ukishayajibu hayo, milango mingi inatoka kwenye hesabu, unabaki na mmoja au miwili ya kufungua.

Kwanza hakikisha ni maji

Oili kupanda kwenye kijiti si lazima iwe maji. Kwenye mashine za dizeli, mafuta yenyewe huweza kuvuja yakashuka kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya mashine, ama kwa diaframu iliyopasuka ya pampu ndogo ya kuvutia mafuta, ama kwa sili (vizuizi vya kuvuja) za pampu kubwa. Oili ya namna hiyo hupanda lakini haiwi nyeupe. Inabaki nyeusi, imekuwa nyepesi, na inanuka dizeli. Dondosha tone kwenye kadibodi uliache mpaka kesho yake: penye dizeli, doa jeusi litabaki katikati na duara la rangi hafifu litasambaa mbali nje yake. Hilo nalo ni hatari, lakini ni kazi nyingine.

Kipimo cha haraka cha maji ni moto. Chukua kijiko kikuukuu cha chuma, kipashe juu ya seredani mpaka tone la maji likidondoshwa linaruka. Kitoe pembeni, kisha dondosha tone moja la oili. Oili safi hutulia na kufuka moshi kidogo. Yenye maji hutoa mapovu na kupasukapasuka kwa sauti, kwa sababu maji huchemka kwenye nyuzi 100 na oili iliyoyazunguka bado iko mbali na kuchemka. Sehemu 1 ya maji katika sehemu 1,000 za oili inatosha kusikika, na kwa kiasi hicho jicho huenda lisione kitu. Fanya hivyo nchi kavu, mbali na madumu ya petroli, na usikiinamie kijiko.

Kuna hali moja inayowatisha watu bure. Chini ya kifuniko cha kujazia oili panakuwa na povu la rangi ya krimu, na oili ya kwenye kijiti ni safi. Hiyo mara nyingi ni mvuke wa hewa uliogeuka maji ndani ya mashine isiyopata joto la kutosha. Mashine zinazopozwa moja kwa moja kwa maji ya bahari hutiwa themostati ya joto la chini, nyuzi 50 hadi 60 hivi, kwa vile joto likizidi hapo chumvi huanza kuganda ndani ya njia za maji. Mashine kama hiyo ikiwashwa kwa dakika chache tu, kutoka diko hadi boti inapofungwa, haikauki ndani. Ipeleke baharini ikafanye kazi yenye uzito kwa saa nzima, futa kifuniko, kisha angalia tena safari inayofuata. Povu lisiporudi, umemaliza.

Maji ya wapi?

Iache mashine usiku kucha bila kuigusa. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yale ambayo hayajachanganyika kabisa hushuka chini ya sampu. Asubuhi legeza nati ya kumwagia oili bila kuitoa, ukinge kitakachotangulia kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha. Boti nyingi nati hiyo haifikiki, iko kwenye ngama mahali ambapo hata mkono haupiti. Hapo pitisha mpira mwembamba kwenye tundu la kijiti mpaka uguse chini, unyonye kwa bomba kubwa la sindano.

Isimamishe chupa juani mchana mzima. Yakijitenga maji chini na oili juu, umepata ushahidi. Yasipojitenga usishangae. Oili za siku hizi zina dawa ndani zinazoyashika maji yakabaki matone madogo sana, na kama mashine imezunguka nayo muda mrefu yatakuwa yameshikana hasa. Katika hali hiyo ruka hatua hii, nenda kwenye suali la pili.

Ukipata maji, chota kijiko kimoja cha chakula uyamwage kwenye sahani, uyaache yakauke. Lita 1 ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, kwa hiyo kijiko cha mililita 15 huacha nusu gramu, na hiyo inaonekana wazi: punje nyeupe za kushikika kwa kidole. Maji ya mvua hayaachi kitu zaidi ya utando wa oili. Maji ya kisima, ambayo wengi wetu ndiyo tunayotia kwenye radieta, huacha ukungu mweupe mwembamba. Visima vingine vya pwani vina chumvi yake, lakini haitafika wingi wa ile ya bahari. Na maji ya dawa ya radieta, yale ya kijani au mekundu, hayakauki sawasawa, huacha kitu cha kunata chenye rangi.

Usionje. Najua wapo wanaonja, na wapo wanaojisifu kwa kuonja. Dawa ya radieta kwa kawaida ina ethilini glikoli, ambayo ni sumu na ladha yake ni tamu. Sahani yenyewe usiiache mahali ambapo paka wa dikoni wataifikia.

Ukipata chumvi, washukiwa ni ekzosi, pampu ya maji ya bahari, kipozeo cha oili na ngama. Ukipata maji ya radieta, elekea kwenye gasketi ya hedi, laina za silinda (mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka), au ufa. Maji matamu matupu ni mvua, au mtu aliyeosha mashine kwa mpira wa maji akasahau kufunga kifuniko. Mtego upo mmoja: mashine isiyo na radieta, inayopitisha maji ya bahari ndani ya bloku yenyewe, itatoa chumvi hata kama kosa ni la gasketi. Kwa mashine hiyo suali la pili ndilo lenye uzito.

Yameingia wakati gani?

Jioni, boti ikishafungwa na mashine imepoa, futa kijiti, pima, weka alama ya kalamu ya wino mzito pale oili ilipofika. Alfajiri kabla ya mtu kugusa ufunguo, pima tena. Ikiwa imepanda usiku, maji huingia mashine ikiwa imezimwa. Ikiwa iko palepale asubuhi lakini inapanda baada ya safari, huingia ikizunguka. Kipimo hiki hakina gharama, nami nakiamini kuliko maoni ya mafundi watatu waliosimama ufukweni.

Kisha muulize aliyeifunga boti. Mazungumzo yenye faida huwa namna hii:

"Ami, jana mliifunga saa ngapi?"

"Magharibi, maji yanaondoka."

"Na asubuhi mliikutaje?"

"Imelala ubavu. Tezi inaangalia baharini."

"Na ekzosi inatokea wapi?"

"Huko huko tezini, mwanangu. Kwani vipi?"

Tezi ni nyuma ya boti. Hapo jibu limeshapatikana, na hakuna bolti hata moja iliyofunguliwa.

Oili inapanda boti ikiwa imefungwa

Kwa boti zenye ekzosi ya maji, huu ndio mlango ninaoanza nao kila mara. Maji yakishapoza mashine humwagwa ndani ya bomba la moshi, yakaangukia kwenye mafla, kopo la kupunguza mngurumo lililo chini, na moshi huyasukuma nje. Pale yanapomwagwa pakiwa chini ya usawa wa bahari, au juu yake kidogo tu, mashine ikizimwa maji hayaachi kuja. Yanajivuta yenyewe, kwa mvuto uleule wa kuhamisha petroli dumu hadi dumu kwa mpira. Mafla inajaa, bomba linajaa, maji yanaifikia valvu ya moshi iliyo wazi, yanaingia kwenye silinda, na kutoka hapo yanachuruzika kupita ringi za pistoni mpaka kwenye sampu. Usiku mmoja unatosha.

Kinachozuia ni hozi iliyopandishwa ikapinda juu ya usawa wa bahari, angalau sentimita 30 boti ikiwa imebeba mzigo, na kileleni pake pana valvu ndogo ya kuingiza hewa ili mvuto ukatike. Valvu hiyo ni ya kidole gumba, na aghalabu hakuna anayeikumbuka mpaka siku ya msiba. Chumvi huigandisha. Ifungue, iloweke kwenye maji ya moto, kisha ipulize kwa mdomo: hewa ipite upande mmoja na upande wa pili ikatae. Kama haipiti popote, umempata mkosaji. Kama boti haina valvu hiyo kabisa, na zipo nyingi zilizofungwa mashine bila nayo, koki ya maji ya bahari ifungwe kila mashine inapozimwa, kila siku, na ufunguo utundikwe kwenye mkono wa koki ili asiwepo wa kuwasha bila kuifungua.

Njia ya pili ya ekzosi ni kukokota stata. Mashine inakataa kuwaka, nahodha anaendelea kukokota, na kila mzunguko pampu inaleta maji kwenye mafla. Moshi wa kuyasukuma nje haupo. Yakijaa, yanarudi ndani. Mashine ikikataa mara ya pili au ya tatu, funga koki kabla ya kuendelea, na uifungue papo hapo inapowaka. Impela, gurudumu la mpira ndani ya pampu, inavumilia sekunde chache za ukavu. Haivumilii dakika.

Ya tatu ni ya kwetu hasa. Siku za bamvu, yaani za maji makubwa, maji hapa yanapanda na kushuka kwa karibu mita 4, na boti nyingi hazina gati, hulala mchangani. Boti iliyofungwa magharibi maji yakiondoka itakaa kavu usiku, ikainamia ubavu mmoja. Maji yakirudi yanaigusa tezi kabla hayajaiinua boti. Kwa nusu saa hivi mawimbi yanapiga moja kwa moja kwenye tundu la ekzosi, na boti iliyoinama haina ule mwinuko wa hozi uliopimwa ikiwa imesimama wima. Wakati wa kusi, pwani zinazoelekea kusini na mashariki, hali huwa mbaya zaidi. Dawa yake rahisi ni kuifunga boti omo, yaani mbele yake, ikitazama baharini. Nyingine ni kizibo cha mti kwenye ekzosi, kilichofungwa kamba moja na ufunguo wa mashine. Kizibo kisicho na kamba hiyo kitakuja kusahaulika.

Dalili ya pamoja ya njia zote tatu: asubuhi stata inagonga mara moja na kukwama, hali betri ni nzima. Hapo kuna maji juu ya pistoni, na maji hayagandamiziki. Ukilazimisha, mkono wa pistoni unapinda, na kazi ya saa mbili inageuka kazi ya mwezi na nauli ya kwenda Dar kutafuta vipuri. Toa nozeli zote za kupulizia dizeli, au plagi kama ni ya petroli, zungusha mashine kwa mkono, uone silinda ipi inatema.

Upande wa ngama mambo ni mepesi kuyaona. Mashua za mbao huvuja kwenye kalafati, vile vizibo vya maungio ya mbao, hilo si siri, na baharia asipofua maji, yaani kuyachota nje, siku mbili tatu yanaweza kufika kwenye tundu la kijiti au sili ya krenki. Tafuta mstari wa uchafu ubavuni mwa mashine unaoonyesha maji yalifika wapi. Halafu pitisha vidole chini ya sampu. Sampu ya bati iliyokaa kwenye maji ya chumvi huoza kwa chini, na kitobo cha ukubwa wa pini kinatosha. Kinavujisha pande zote mbili, basi utaona na oili ikielea kwenye ngama.

Majahazi yenye mashine za lori na bomba la moshi lililosimama wima hayana habari ya mvuto wa maji. Yenyewe yanaonewa na masika. Mvua ya usiku inaingia juu ya bomba na kushuka hadi kwenye silinda. Kopo tupu la maziwa lililofunikwa juu ya bomba linamaliza kesi.

Inapanda mashine ikizunguka

Ikiwa ni chumvi, anza na pampu ya maji ya bahari, kabla ya kuigusa hedi. Pampu nyingi zinazoendeshwa na gia zimefungwa kwenye mashine yenyewe: upande mmoja maji, upande wa pili oili, na shafti moja inapita kati. Kila upande una sili yake, na baina ya sili hizo kuna tundu dogo lililotazama chini. Kazi ya tundu ni kuvuja. Likidondosha maji, sili ya maji imekwisha. Likidondosha oili, ni sili ya pili. Bahati mbaya watu wakiona linadondosha huliziba kwa gundi, au rangi huliziba mashine inapopakwa, na maji yakikosa pa kutokea husukuma sili ya oili na kuingia ndani. Lizibue kwa waya, washa mashine kwa dakika 10 ukiwa umetia oili ya bei nafuu, uangalie. Kubadilisha sili za pampu ni kazi ya jioni moja. Ukiitoa, ipitishie ukucha shafti pale sili inapokaa: ikiwa imechimbika, sili mpya peke yake haitadumu.

Ikiwa ni maji ya radieta, sasa gasketi ya hedi inayo haki ya kutajwa. Inakuja na wenzake: radieta inapungua bila kuvuja nje, mapovu kwenye tangi la maji mashine ikiwa bado baridi, hozi zinakuwa ngumu dakika chache baada ya kuwasha, mashine inachemka. Moshi unakuwa mweupe na haunuki. Utofautishe na moshi mweupe wa dizeli isiyoungua, ambao unawasha macho na kukaa hewani, huku mvuke unatoweka karibu na bomba. Lakini kwenye ekzosi ya maji mvuke kidogo ni wa kawaida, hasa asubuhi ya baridi ya kipupwe, hivyo moshi peke yake usiufanye hakimu.

Mwenye pampu ya kupimia radieta aitumie. Mashine baridi, radieta imejaa, panda hadi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko, nyingi ni bar 0.9, uiache nusu saa na nozeli zimetolewa. Kisha zungusha kwa mkono. Silinda itakayotoa maji ndiyo yenye kesi. Kama kipimo kinashuka, silinda zote ni kavu, na nje hakuna pa kuvuja, maji yanakwenda kwenye sampu kwa njia nyingine: oringi (pete za mpira) za chini za laina, kwa mashine ambazo laina zake zinazungukwa na maji. Hizo zina tabia ya kuvujisha hata mashine ikiwa imezimwa, bila mapovu na bila kuchemka. Teremsha sampu, simama na tochi chini, utaona tone linashuka kwenye ubavu wa laina.

Ufa wa hedi au wa bloku huja baada ya kisa, aghalabu mashine kuchemka na mtu kumwagia maji baridi hapo hapo. Uliza kuhusu kisa hicho. Watu hawakitaji mpaka waulizwe.

Kipozeo cha oili

Huyu ni mkosaji anayefichika, kwa sababu maji yake yanaingia wakati mmoja na oili inatoka wakati mwingine. Ndani yake mabomba membamba ya maji ya bahari yanapita katikati ya oili. Mashine ikizunguka, oili ina msukumo wa bar 3 au 4, maji hayafiki hata 1, basi kwenye tundu ni oili inayotoka kwenda baharini. Utaona utando wa rangi nyuma ya boti, na oili inapungua. Mashine ikizimwa msukumo wa oili unakwisha, maji yaliyobaki yanaingia. Kwa hiyo boti ambayo jioni oili yake imepungua na asubuhi ni nyeupe, usipoteze muda kwingine. Kitoe kipozeo, ziba njia ya oili upande mmoja, tia hewa upande wa pili, kizamishe kwenye ndoo. Mapovu yatasema. Ukikuta zinki yake, kile kipande kinachotiwa ili kiliwe badala ya mabomba, imeliwa yote, umejua na sababu.

Gia boksi ikiwa nyeupe na oili ya mashine ni safi, ni kipozeo chake tu, au maji ya ngama yamefika kwenye sili ya shafti. Achana na hedi.

Mashine za kupachika

Hizi za stroki mbili, za nguvu za farasi 15 na 40 zinazojaa kwenye boti zetu za faiba, hazina sampu. Oili yake inachanganywa na petroli, kwa kawaida lita 1 kwa lita 50. Weupe utauona kwenye oili ya gia, kule kwenye mguu unaozama majini. Legeza skrubu ya chini kwanza: kikitangulia maji kabla ya oili, sili imekwisha. Na kabla ya kununua sili, toa rafadha, lile panga la kusukuma boti, uangalie nyuma yake. Mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia umejizungusha kwenye shafti, umekaza mpaka umeikata sili. Hilo lisipoondolewa, sili mpya nayo itakatwa. Pete za kuzibia (washa) za zile skrubu mbili, ya chini na ya juu, nazo zibadilishwe kila unapomwaga, ni za bei ya kikombe cha kahawa na zinavujisha sawa na sili. Kujaribu, tia hewa ya bar 0.7 kwenye tundu la skrubu, zamisha mguu kwenye pipa, tazama mapovu yanatokea kwenye shafti ya rafadha, kwenye shafti inayotoka juu, au kwenye fimbo ya gia. Ukijaza oili mpya, jaza kutoka chini mpaka itokee juu, ili hewa isibaki.

Stroki nne zina sampu, na kosa lake kubwa huku kwetu ni la bega. Mashine inashushwa, inabebwa kwenda nyumbani, na mbebaji anaielekeza kichwa chini na mguu juu kwa kuwa ndivyo inavyokaa vizuri begani. Maji yaliyobaki mguuni yanashuka kwa njia ya moshi mpaka kwenye silinda. Isimamishe wima kwanza mpaka idondoke yote, halafu kichwa kisiwe chini ya mguu hata hatua moja.

Mashine iliyozama isiwashwe na isiachwe juani. Kutu huanza hewa inapokutana na chumvi. Ioshe kwa maji matamu, toa plagi, vuta kamba polepole mpaka maji yote yatoke, tia oili kwenye silinda. Kama fundi hapatikani leo, ni bora ilale ndani ya pipa la maji matamu kuliko barazani. Iliyozama ikiwa inazunguka na sasa kamba inagoma, usiilazimishe, ifunguliwe.

Kuisafisha

Mlango ukishazibwa, oili nyeupe itolewe yote ikiwa na joto kidogo, na filta itoke pamoja nayo. Tia oili ya bei nafuu, washa bila mzigo dakika 10 hadi 15 mpaka ipate joto, zima, mwaga. Rudia mpaka kijiti kitoke safi, na itakuwa si chini ya mara tatu kama maji yalikuwa ya bahari, kwa sababu chumvi inajificha kwenye kona ambazo oili ya mara ya kwanza haifiki. Filta mpya itiwe walau mwanzo na mwisho. Baada ya hapo ndipo utie oili yenyewe, na jaribu tena tone kwenye kijiko cha moto. Kazi hii ifanyike siku hiyo hiyo, hata kama sili au gasketi inasubiri meli ya kesho: mashine iliyokaa wiki na chumvi kwenye beringi haitasaidiwa na gasketi nzuri.

Oili chafu irudi kwenye madumu yake, isimwagwe kwenye ngama. Ya ngama yote huishia baharini siku ya kufua maji.

Kisha pima baada ya saa ya kwanza ya kazi, pima alfajiri inayofuata kwa ile alama ya kalamu, na pima tena baada ya bamvu moja kupita, boti ikiwa imelala pale pale inapolala siku zote.